Bamba la nyuzi limevunjika: jinsi ya kutambua kilichoanza kushindwa

Chuma kikizidiwa na mzigo hupinda kwanza, kisha hukatika, na mara nyingi pale kilipokatika ndipo penye sababu. Bamba la nyuzi na resini, yaani matabaka ya nyuzi za kaboni au kioo yaliyoshikanishwa na resini, kimiminika kinachoganda na kuwa kigumu, halina tabia hiyo. Nyuzi za kaboni hukatika zikiwa zimerefuka kama asilimia 1.5 tu, bila onyo. Nyuzi za kioo zikiwa peke yake huweza kufika karibu asilimia 4.5, lakini zikiwa ndani ya bamba, resini inayozizunguka huanza kupasuka mapema mno kabla ya hapo. Ndiyo maana nyuzi zilizokatika unazoziona mezani kwa kawaida ni tukio la mwisho. Lililotangulia huenda ni kiputo cha hewa, kona iliyobana, tundu la bolti au kitambaa kilichojikunja wakati wa kutandikwa.

Shika takwimu chache kabla ya kuanza. Tabaka la kaboni na epoksi (aina ya resini) ambalo nyuzi zake zote zimeelekea upande mmoja hubeba takriban 1500 MPa (megapaskali, yaani newtoni kwa kila milimita ya mraba) likivutwa kufuata nyuzi, na kama 1000 hadi 1200 likigandamizwa kwa mwelekeo huohuo. Likivutwa kukingama na nyuzi hubeba 40 hadi 60 tu. Matabaka yakilazimishwa kutelezeana huachana kwenye 70 hadi 90 MPa. Yakivutwa kuachana wima, yaani kwa upande wa unene, mara nyingi hayafiki hata 50. Mzigo wowote hutafuta upande dhaifu, na kazi ya uchunguzi ni kujua ni upande upi uliopatikana.

Kabla ya kugusa kipande

Usirudishe vipande viwili pamoja ili kuona kama vinalingana. Nyuzi zilizovunjika ni ncha nyembamba sana, na ukizisuguanisha mara moja tu umefuta ushahidi wote. Usipanguse wala usiloweshe. Piga picha kila upande huku mwanga ukitoka ubavuni, maana mwanga wa moja kwa moja huficha mikunjo midogo. Chora kwa kalamu mshale wa mwelekeo wa nyuzi za digrii 0, yaani mwelekeo mkuu ambao pembe nyingine hupimwa kutoka kwake, na mshale wa mahali mzigo ulikotokea. Andika mpangilio wa matabaka kama ulivyochorwa, halafu baadaye uhakikishe kama ndio uliotandikwa. Tofauti kati ya mchoro na kilichofanyika karakana ni ya kawaida kuliko watu wanavyopenda kukiri, hasa tabaka la digrii +45 lililogeuzwa likawa −45.

Sampuli ya kukata itoke mbali kidogo na mvunjiko, kwa msumeno wa almasi. Vaa barakoa na glavu. Vumbi la kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo lisiingie kwenye mota au kwenye saketi iliyo karibu.

Kisha jiulize swali ambalo wengi hulisahau: je, mzigo wenyewe ulikuwa halali? Ndege ya American Airlines safari namba 587 ilipoanguka New York Novemba 12, 2001, baada ya pezi lake la mkia la kaboni kung'oka, wengi walidhani kwamba nyuzi zilikuwa mbovu. Uchunguzi ulionyesha kwamba usukani wa mkia ulichezeshwa kushoto na kulia kwa nguvu hadi pezi likabeba karibu mara mbili ya mzigo wa juu kabisa unaotarajiwa katika matumizi, wakati usanifu ulidai mara 1.5. Pezi lilivuka kiwango chake kabla ya kukatika. Ukikuta kipande kilichovunjika pale hasa ambapo hesabu ilisema kitavunjika, kwa sura ambayo hesabu ilitarajia, anza na mzigo kabla hujamlaumu fundi.

Kusoma sura ya mvunjiko

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kwa hatua ya kwanza.

Mvunjiko wenye nyuzi ndefu zilizochomoza kama ufagio ni wa kuvutwa. Kadiri nyuzi zilivyochomoza kwa urefu, ndivyo mshiko kati ya uzi na resini ulivyokuwa dhaifu. Mshiko ukiwa imara sana, mvunjiko hukaribia kuwa bapa. Ukitazama kwa hadubini ukaona nyuzi laini zilizo tupu, bila hata chembe ya resini juu yake, resini haikushika: nyuzi ziliingia unyevu, zilipakwa kemikali isiyopatana na resini hiyo, au resini haikukomaa, yaani haikuganda kikamilifu.

Mvunjiko wa kugandamizwa huwa umekatika mkato mfupi wa mshazari, kama ngazi, na nyuzi zake zimevunjika vipande vifupifupi vinavyolingana urefu. Hapo nyuzi hazikupondwa. Zilipinda kwa pamoja kama mstari mmoja na kukatika sehemu mbili. Kipande kilichopindwa huwa na sura zote mbili, ufagio upande mmoja na ngazi upande wa pili. Sehemu kubwa zaidi ndiyo kwa kawaida iliyotangulia.

Ukiona uso bapa na laini, kama uliokatwa kwa wembe, bila nyuzi kuchomoza, na kifaa ni cha nyuzi za kioo za kawaida kilichokaa na kimiminika, shuku asidi. Asidi huondoa baadhi ya madini kwenye kioo, uzi hupasuka chini ya mzigo mdogo, ufa huendelea kwenye uzi unaofuata, na bomba au tangi hukatika likiwa na mkazo ambao siku ya kwanza lingeucheka. Dawa yake si kuongeza unene. Badilisha aina ya kioo utumie kile kinachostahimili asidi, na weka ndani tabaka nene lenye resini nyingi lisilopasuka kirahisi.

Dalili: milio midogo, mistari myeupe, kisha uvujaji

Kifaa kinapakiwa mara ya kwanza, kinalia tik, tik. Bamba la kioo linaanza kuonyesha mistari meupe myembamba iliyokingama na mzigo. Hakijavunjika, lakini kimelegea kidogo, na kama ni bomba, jasho linatokea nje.

Hizo ni nyufa za resini ndani ya matabaka ambayo nyuzi zake zimekingama na mzigo. Chukua bamba la kioo na epoksi lenye nusu ya matabaka kwenye digrii 0 na nusu kwenye 90. Ugumu wake ni kama 25 GPa (25,000 MPa). Matabaka ya 90 huanza kupasuka bamba likirefuka karibu asilimia 0.4, yaani kwenye mkazo wa takriban 100 MPa, ilhali bamba zima hukatika likikaribia asilimia 2. Kwa hiyo nyufa huanza kwenye robo hivi ya nguvu ya mwisho. Kwa ubao wa kusimamia huenda jambo hili lisikusumbue. Kwa bomba la shinikizo ndiyo mwisho wa matumizi yake, hata kama halijapasuka.

Vyanzo, kwa mpangilio wa kuvichunguza: mzigo uliopangwa kwa kuangalia nguvu ya kuvunjika badala ya urefukaji, matabaka mengi ya mwelekeo mmoja yaliyowekwa kwa mfululizo, maana tabaka nene hupasuka mapema kuliko jembamba, resini isiyonyumbuka, hasa poliesta ya kawaida ambayo huvunjika ikirefuka karibu asilimia 2, wakati vinailesta nzuri hufika 4 au zaidi, na mkazo uliobaki tangu kupikwa. Bamba lililopikwa kwenye nyuzi joto 180 likapoa hadi joto la chumba tayari lina matabaka yanayovutana kabla halijabeba chochote. Kama pia mpangilio haulingani juu na chini ya mstari wa katikati, litajikunja lenyewe likiwa mezani. Usilinyooshe kwa kulibana na bolti, kwani hapo unaongeza mkazo juu ya mkazo.

Tiba ni kusambaza matabaka. Usirundike zaidi ya manne ya mwelekeo uleule, na kila mwelekeo mkuu, yaani 0, 90, +45 na −45, uwe na walau asilimia 10 ya nyuzi. Kwa vyombo vya vimiminika, punguza urefukaji unaoruhusiwa badala ya kutegemea kwamba rangi ya ndani itaziba nyufa.

Dalili: kimegandamizwa na kuvunjika mapema kuliko hesabu

Hapa ndipo mabamba mengi huangusha wasanifu, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza ondoa uwezekano wa kubenuka kwa umbo. Bamba jembamba linalogandamizwa linaweza kubenuka pembeni, likarudi mzigo ukiondolewa, likabenuka tena, na hatimaye kuvunjika kwenye kilele cha mbenuko. Hapo nyuzi hazina kosa. Umbo ndilo jembamba au nafasi kati ya mihimili ni pana. Dalili yake ni mvunjiko ulio katikati ya nafasi, wenye sura ya kupindwa. Ongeza mbavu au unene.

Kama umbo halikubenuka, tafuta nyuzi zisizonyooka. Uzi uliopinda kidogo, ukigandamizwa, hutaka kupinda zaidi, na kinachouzuia ni resini peke yake. Nguvu ya kugandamizwa hukadiriwa hivi: gawanya mkazo ambao resini hulegea matabaka yanapotelezeana kwa jumla ya mambo mawili, pembe ya upotofu wa nyuzi kwa radiani na urefukaji wa resini inapoanza kulegea. Tumia 60 MPa na 0.012. Nyuzi zikiwa zimepotoka digrii 2, yaani radiani 0.035, unapata karibu 1280 MPa. Zikipotoka digrii 4, unapata kama 730. Digrii mbili zimekula zaidi ya asilimia 40 ya nguvu, na kwa macho ya kawaida bamba linapendeza vilevile.

Kupima upotofu si kazi ngumu. Kata kipande sambamba na nyuzi, kisugue kwa msasa wa maji namba 400, 600 na 1200, kisha king'arishe. Chini ya hadubini, pima kimo cha wimbi kutoka mstari wa katikati hadi kilele, na urefu wa wimbi zima. Zidisha kimo kwa 6.28, gawanya kwa urefu. Wimbi la kimo cha milimita 0.3 katika urefu wa milimita 20 linatoa radiani 0.094, ambayo ni zaidi ya digrii 5. Weka kwenye hesabu ya juu na utaona nguvu imeshuka hadi karibu 570 MPa. Wimbi la namna hiyo ukilipata mahali palipovunjika, huna haja ya kutafuta mshukiwa mwingine.

Mawimbi hutoka wapi? Kitambaa kilichosukumwa kwenye kona ya ndani ya umbo bila kukatwa. Bamba nene lililotandikwa lote kwa mara moja kisha likabanwa kwa vakyumu mwishoni: matabaka ya nje yanaposhuka, urefu unazidi nafasi, na ziada inajikunja. Kwa bamba nene, bana kwa vakyumu kila baada ya matabaka machache. Vitambaa vilivyofumwa vina mawimbi tangu kiwandani, kwa hiyo usitumie takwimu za nyuzi zilizonyooka kuhesabia kitambaa cha kufuma. Nazo nyuzi za aramidi (kama Kevlar), zinazosifiwa sana kwa kuvutwa, hugandamizwa vibaya: zenyewe hujikunja ndani kwa mkazo mdogo. Usizipe kazi ya kugandamizwa peke yake.

Joto na unyevu huingia palepale, maana resini iliyolainika haiwezi kuzuia uzi usipinde. Pima joto ambalo resini hulainika ikiwa imeshanyonya unyevu, kisha toa nyuzi joto 28. Hicho ndicho kikomo kinachotumiwa sana katika usanifu wa ndege. Kifaa chenye rangi nyeusi kinachoachwa juani hupata joto kuliko hewa inayokizunguka, na jambo hilo husahaulika kwenye hesabu mara kwa mara.

Dalili: sauti butu, uvimbe, matabaka kuachana

Gonga bamba kwa sarafu au nyundo ndogo ya gramu 50 hivi, kwa gridi ya milimita 10 hadi 20. Palipo pazima hulia kwa sauti kali. Palipoachana hutoa sauti butu. Njia hii ni ya kuaminika kwa mabamba membamba na nyufa zilizo karibu na uso. Kwa bamba la unene wa zaidi ya milimita 5 au 6, tumia mawimbi ya ultrasoniki. Chora mpaka wa eneo bovu kwa kalamu, kisha uangalie liko wapi, maana mahali penyewe husema nusu ya jibu.

Kwenye ukingo uliokatwa: matabaka ya pembe tofauti yanataka kusinyaa kwa viwango tofauti, na ukingoni hakuna cha kuyazuia, hivyo huvutana kuachana. Tenganisha matabaka ya pembe zinazopishana sana, punguza kurundika, au funika ukingo kwa tabaka linalozunguka.

Kwenye kona ya umbo la L: hili huwashangaza hata wahandisi waliozoea chuma. Ukitaka kufungua kona, matabaka huvutwa kuachana kwa upande wa unene. Kwa kila milimita ya upana, mkazo huo ni takriban mara 3 ya momenti (nguvu ya kupinda, yaani nguvu mara umbali), ukigawanya kwa mara 2 ya zao la unene na nusu kipenyo cha katikati ya kona. Chukua unene wa milimita 5, nusu kipenyo milimita 8 na momenti ya N·mm 1000 kwa milimita. Mkazo wa kupinda ni 240 MPa, ambao kaboni hubeba bila shida. Mkazo wa kuachanisha ni 37.5 MPa, ambao tayari uko mlangoni mwa kushindwa. Kuongeza matabaka ya digrii 0 hakuondoi tatizo hilo. Panua kona: nusu kipenyo kikiwa 16, mkazo wa kuachanisha unashuka hadi karibu 19.

Pale matabaka yanapoishia, unene unapopungua: ngazi kali huanzisha ufa. Punguza kwa mteremko wa 1 kwa 20, tabaka moja moja, na tabaka la nje kabisa lipite juu ya yote bila kukatwa.

Katikati ya eneo bapa bila sababu ya umbo: fungua na utazame uso. Kama una mng'ao wa kioo na umechukua alama laini, resini haikushikana. Huenda kulikuwa na karatasi ya kinga iliyosahaulika kati ya matabaka, mafuta ya mkono, silikoni iliyorukia kutoka kwenye dawa ya kuachanishia kalibu, au tabaka la poliesta lililokomaa kabisa na kufunikwa siku kadhaa baadaye bila kupigwa msasa. Kama uso una magamba madogo yaliyoinama upande mmoja, resini ilishika vizuri na ikazidiwa na matabaka kutelezeana.

Magamba hayo yakiwa yamezungukwa na mashimo madogo ya mviringo, tatizo ni viputo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila asilimia 1 ya viputo, hadi asilimia 4 hivi, hupunguza nguvu ya matabaka kutotelezeana kwa karibu asilimia 7.

Dalili: kovu dogo la kugongwa

Usiupime uharibifu kwa ukubwa wa kovu. Kitu butu kinapogonga bamba la kaboni kwa kasi ndogo, uso wa juu unaweza kubaki na kibonyeo kisichozidi sehemu ya milimita, huku ndani nyufa zikitanuka kama koni kuelekea upande wa nyuma. Kila mpaka kati ya matabaka mawili huachana kwa umbo refu linalofuata nyuzi za tabaka la chini. Upande wa nyuma huenda kukawa na nyuzi zilizochanika.

Nguvu ya kuvutwa hushuka kiasi. Nguvu ya kugandamizwa ndiyo huanguka, mara nyingi kwa nusu au zaidi, kwa sababu matabaka yaliyoachana hubenuka kila moja kivyake. Gonga pande zote mbili ukiweza, halafu chukua eneo kubwa zaidi kati ya yale mawili uliyopata. Kama kifaa hufanya kazi ya kugandamizwa, usikirudishe kazini kwa sababu tu rangi haikupasuka.

Dalili kwenye matundu ya bolti

Kuna sura nne, na kila moja ina jibu lake.

- Tundu limekuwa la yai, na mbele ya bolti kuna unga uliopondwa. Huku ni kushindwa kwa polepole, na ndiko unakotaka kutokee kama lazima kitokee. Ongeza unene au kipenyo cha bolti, tumia washa pana.
- Bamba limekatika mstari mmoja kukingama na mzigo, ukipita kwenye tundu. Upana umebaki mdogo. Uwe walau mara 4 ya kipenyo cha tundu, na 6 ni bora.
- Ulimi wa bamba umechomoka mbele ya bolti. Umbali wa kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni uwe walau mara 3 ya kipenyo. Kama tayari ni 3 na bado ulichomoka, basi matabaka ya ±45 ni machache: nyuzi za digrii 0 peke yake hupasuka kama kuni.
- Kichwa cha bolti kimepenya. Kichwa ni kidogo, au tundu la kuzamisha kichwa limekula zaidi ya theluthi mbili za unene.

Tazama pia upande wa kutokea wa tundu. Matabaka yaliyobanduliwa na biti ni chanzo cha ufa kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Tumia biti ya kabaidi iliyo kali, weka ubao nyuma, na legeza msukumo biti inapokaribia kutokea. Bolti iliyokazwa ipasavyo huongeza nguvu ya tundu kwa kuyabana matabaka yasifumuke; iliyokazwa kupita kiasi hupasua resini chini ya washa.

Kama kaboni imegusana moja kwa moja na alumini na kuna unyevu, unga mweupe utaonekana na alumini italika. Weka tabaka la nyuzi za kioo katikati, na tumia bolti za titani.

Paneli za sandwichi

Paneli hizi ni ngozi mbili nyembamba zilizogandishwa pande mbili za kiini chepesi, kama povu. Ngozi ikikunjamana mawimbi mafupi, kiini ni laini mno kuishikilia. Nyufa za mshazari wa karibu digrii 45 ndani ya povu ni kiini kilichozidiwa na ngozi mbili zinazotelezeana. Tumia povu zito zaidi au kiini kinene. Kama ngozi imebanduka safi, na povu halikubaki na hata chembe juu yake, gundi haikushika. Ikibanduka na safu ya povu, gundi ilikuwa imara kuliko povu. Kibonyeo chini ya mguu wa mashine hakitokani na unyonge wa paneli nzima. Badilisha kiini cha sehemu hiyo kwa kigumu, kama plaiwudi au povu zito, na usambaze mzigo.

Kilidumu, kisha kikakatika bila mzigo kuongezeka

Nyuzi za kioo zikibeba mzigo wa kudumu hudhoofika, hasa palipo na maji. Kwa uimarishaji wa zege, kamati ya 440 ya ACI, taasisi ya zege ya Marekani, imetumia vikomo vya mkazo wa kudumu vya asilimia 20 ya nguvu ya mwisho kwa kioo, 30 kwa aramidi na 55 kwa kaboni. Kama kifaa chako cha kioo kilikuwa kikibeba asilimia 50 usiku na mchana, jibu umelipata.

Kwa mzigo unaorudiarudia, bamba la kioo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake ya awali kila mizunguko inapoongezeka mara 10. Lililobeba 400 MPa mara moja litabeba takriban 160 kwa mizunguko milioni moja. Kaboni hupoteza kidogo kuliko kioo kwa mwelekeo wa nyuzi, lakini viungo na resini yake huchoka kama kawaida.

Kuthibitisha ubora wa bamba lenyewe

Kwa poliesta na vinailesta, anza na ugumu wa Barcol, kipimo cha ugumu wa uso kinachopimwa kwa sindano. Poliesta iliyokomaa husoma 35 hadi 45 hivi; chini sana ya hapo, kichocheo kilikuwa kidogo, karakana ilikuwa baridi, au uwiano ulikosewa. Kichocheo cha MEKP huwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini. Kwa epoksi usicheze na uwiano hata kidogo, maana hadina (kigandishi chake) ni nusu ya kemia yenyewe na kuizidisha hakuharakishi chochote.

Kisha choma sampuli ya kioo kwenye tanuri la nyuzi joto 565 mpaka resini iishe. Gramu 5.00 zikibaki 2.75, nyuzi ni asilimia 55 ya uzito. Kwa msongamano (gramu kwa sentimita ya ujazo) wa 2.56 kwa kioo na 1.20 kwa resini, hiyo ni karibu asilimia 36 ya ujazo. Msongamano wa bamba lisilo na kiputo ungekuwa 1.695. Ukipima majini sampuli ya jirani ukapata 1.64, viputo ni asilimia 3.3, na nguvu ya matabaka kutotelezeana imepungua kwa karibu robo. Kaboni usiichome hivyo, kwani nayo huungua. Tumia asidi kuyeyusha resini, au hesabu nyuzi kwenye picha ya hadubini.

Ukiamua kutengeneza

Ondoa eneo lote lililotoa sauti butu, siyo lililoonekana tu. Kausha, maana unyevu ulionaswa hugeuka mvuke wakati wa kupika na kuleta viputo papo hapo kwenye kiungo. Chonga mteremko: kwa kazi nyingi za boti za kioo, 12 kwa 1, na kwa kaboni inayobeba mzigo mkubwa, 20 kwa 1 au zaidi. Bamba la milimita 4 linahitaji milimita 48 kila upande kwa kiwango cha kwanza, na 80 kwa cha pili. Fuata mwelekeo wa kila tabaka la zamani, tabaka kwa tabaka. Kiraka kinene kuliko bamba huvuta mzigo zaidi, na ufa unaofuata utatokea kwenye ukingo wake, milimita chache nje ya kazi yako mpya. Ukishapika, gonga tena eneo lote kwa gridi ileile uliyotumia mwanzo, ukiongeza milimita 50 kuzunguka kiraka.